Fundi wa Kompyuta Aliyempoteza Mtani

Saa mbili asubuhi, na Cletus Mbonde ameshindwa tena na hendeli. Anaizungusha kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni. Injini ya dizeli inakohoa, inatema moshi mweusi, halafu inanyamaza. Cletus anaiachia hendeli na kuutazama mkono wake wa kulia uliofungwa kitambaa. Wiki iliyopita hendeli hiyo hiyo ilimrudia kwa nguvu ikamchubua vidole.

Huyu ni fundi wa kompyuta wa kituo cha ufundi cha Tuinuke, kilichojengwa juu ya kilima kando ya barabara ya Kipatimu, wilayani Kilwa. Kuwasha injini si kazi yake. Ilikuwa kazi ya Alfani Mketo, na Alfani hayupo kwa sababu ya maneno machache ambayo Cletus aliyasema mbele ya wageni.

“Injini inanijua,” anasema, wala hacheki. “Inajua mimi si mwenyewe.”

Anarudi kwenye chumba cha kompyuta, anakaa kwenye kigoda, anainamisha kichwa. Mtu akimwona kwa mbali atadhani anaumwa. Hana ugonjwa wowote zaidi ya aibu.

Cletus, mwenye umri wa miaka 41, ni Mmatumbi wa Kipatimu. Alipomaliza shule alikwenda Dar es Salaam, akaajiriwa katika shirika moja la umma, kwanza chumba cha teleksi, baadaye chumba cha kompyuta. Shirika lilipobinafsishwa, mwekezaji alikuja na mashine zake na watu wake. Mashine za zamani zikatupwa stoo, na Cletus akapewa mkono wa kwaheri. Wenzake waliopunguzwa kazini walirudi makwao na redio na magodoro. Yeye alirudi milimani na sanduku la disketi, na mama yake mzazi aliuliza kama vile vibamba vinaliwa.

Kituo cha Tuinuke kilipopelekewa kompyuta nane kuukuu na wafadhili wa ng'ambo, hapakuwa na haja ya kutangaza nafasi ya kazi. Mtu aliyejua kuzifungua alikuwa mmoja tu kuanzia Njinjo mpaka Kipatimu.

Mashine zenyewe ni za kale. Huko zilikotoka zilikwishastaafu. Cletus aliziwekea mfumo wa Linux, ambao haudai leseni na haudharau mashine yenye kumbukumbu ndogo. Masomo yote aliyaweka kwenye mashine moja kubwa kidogo, na zile saba zinayavuta kutoka kwake kwa waya. Kwa hiyo mashine ikiwaka bila kuiona kadi yake ya mtandao, mwanafunzi anabaki anatazama kioo.

“Kitu cha kwanza kuamka ni kiini cha mfumo,” anaeleza, na hapo tu ndipo uso wake unapopata nuru kidogo. “Kiini kikishaamka kinaita madraiva, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa, kila draiva na kifaa chake. Sasa kadi hizi za zamani hazijitangazi. Draiva inapita mlango kwa mlango inabisha hodi: kadi ya mtandao ipo hapa? Ipo hapa? Ikibisha mlango usio wake, inaweza kuamsha balaa.”

Balaa lililomkuta liliamka Mei mwaka huu, siku ya uzinduzi rasmi wa chumba cha kompyuta.

Ili kuielewa siku ile, ni lazima kwanza mtu aelewe jambo la Cletus na Alfani. Ukoo wa Mbonde na ukoo wa Mketo, Wangindo wa Njinjo, ni watani tangu mababu. Mtani humwambia mtani wake neno lolote, popote, na anayeambiwa haruhusiwi kukasirika. Akifa mtu upande mmoja, wa upande wa pili huja kulala njiani wakazuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Huko milimani, maziko yasiyo na mtani watu huyasimulia kwa kunong'ona.

Alfani ana miaka 52, na kwa umri ni wa kuamkiwa. Lakini tangu Cletus azaliwe hajawahi kumwambia shikamoo. Kila asubuhi kituoni, salamu yao ilikuwa matusi. Alfani alikuwa akiuliza kama wale Wamatumbi bado wanalala juu ya miti, na Cletus akiuliza kama leo mwenzake amenawa uso au amejifuta tu kwa mkia wa panya aliyemla. Wakishamalizana hapo, kazi inaanza. Miaka miwili ilikwenda hivyo, na injini haikuzima hata siku moja wakati wa somo.

Jioni ya kuamkia uzinduzi, ilifika habari kwamba mwakilishi wa wafadhili, Bwana Nikodemo, angependa kompyuta zipige wimbo wa kumkaribisha. Cletus akatoa kadi za sauti zilizokuwa ndani ya boksi, akazichomeka moja moja kwenye mashine saba. Jioni hiyo hiyo akaamua kuiingiza draiva ya mtandao ndani ya kiini chenyewe, ili mashine ziwake kwa haraka zaidi mbele ya mgeni. Alikuwa ameijaribu kwenye mashine yake ya nane, ambayo haikuwa na kadi ya sauti, na ikawaka vizuri. Zile saba hakuzijaribu.

“Dizeli tulikuwa tunaiwekea akiba ya kesho yake,” anasema. “Alfani mwenyewe ndiye aliyenizuia kuwasha. Alisema, ‘Tone hili ni la mgeni.’”

Kesho yake mashine zilihamishiwa ukumbini, na ukumbi ukajaa. Bwana Nikodemo alibonyeza kitufe cha mashine ya kwanza. Maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye kioo cheusi, watu wakashangilia, na yakasimama katikati. Hayakuandika kosa wala sababu. Akabonyeza ya pili, ikasimama palepale. Mpaka ya saba. Na kama kwamba mkosi unatafuta mwenziwe, katikati ya shughuli hiyo injini ililegea kidogo, taa zikafifia, zikarudi.

Watu wote wakamgeukia Cletus. Anasema alisikia masikio yanawaka moto. Mtu aliyeaga kijiji akaenda mjini, akarudi na sifa ya kujua, sasa amesimama mbele ya mkewe, mama yake na wageni, na hajui hata chembe ya kilichotokea. Mlangoni alikuwa amesimama Alfani, anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi.

“Msinitazame mimi,” Cletus akasema. “Mtazameni huyo Mngindo. Dizeli keshaiuza, injini anainywesha togwa. Mashine zimeshiba, zimelala.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Alfani hakuchelewa, maana mtani anayechelewa kujibu ameshindwa.

“Nimeiuza kweli,” alijibu. “Nimemnunulia shemeji yangu kanga, maana mume wake ni hodari wa kuzima vitu tu.”

Rosalia, mke wa Cletus, naye akainua upindo wa kanga yake mpya juu ili watu wote waione. Vigelegele vikapigwa. Ile fedheha ikayeyuka kama chumvi ndani ya maji, na Cletus akapumua.

Ukumbini walikuwamo watu wawili wasiocheka. Mmoja ni Bwana Nikodemo, mtu wa mjini asiyewahi kuishi na watani. Mwingine ni Sista Theresia, mkuu wa kituo, aliyehamia kutoka Kagera mwezi uliotangulia. Wao walichosikia ni fundi akimshitaki mwenzake kwa wizi wa mafuta, mshitakiwa akikiri hadharani, na kidhibiti kikiinuliwa juu na mwanamke.

Siku chache baadaye Alfani aliitwa ofisini mbele ya Sista na Bwana Nikodemo, na Cletus akaitwa kuwa shahidi. Alfani alisema kwa utulivu kwamba ule ulikuwa utani. Kisha akamgeukia Cletus, akingoja.

“Bwana Nikodemo akaniuliza, ‘Maneno yale uliyasema au hukuyasema?’ Nikasema niliyasema,” Cletus anasimulia. “Akauliza, ‘Na huyu alijibu kwamba ameuza?’ Nikasema alijibu. Nikaishia hapo.”

Mwandishi anamuuliza kwa nini aliishia hapo. Anachezea bisibisi.

“Ningesema ni utani, swali lililofuata lingekuwa: basi mashine zimekufa kwa nini? Na mimi nilikuwa sijui. Nilimwacha mtu mzima aitwe mwizi kwa kuwa sikutaka kuitwa mjinga.”

Alfani aliondolewa kazini siku ile. Hakubishana. Majirani waliokwenda kumweleza Sista habari za watani walionekana wanamfichia mwenzao kosa, kwa kuwa mtu mwenyewe alikwishakiri. Ufunguo wa chumba cha injini akakabidhiwa Cletus.

Asubuhi iliyofuata walikutana barabarani. Cletus anasema alikuwa ametengeneza tusi zuri kabisa, akiwa na matumaini kwamba mambo yataisha kwa kicheko. Alfani akamwahi.

“Habari za asubuhi, fundi,” alisema. “Poleni na kazi.”

Cletus akaliacha tusi lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasikia mdomo wake unasema, “Shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu Alfani, akaendelea na safari.

Mpaka leo ni hivyo. Alfani sasa anabeba ufuta wa watu kwa baiskeli, kutoka mashambani mpaka kwenye maghala ya wanunuzi binafsi waliojaa huku siku hizi, na njia yake inapita mbele ya lango la kituo. Kila akipita anasalimia kwa adabu. Rosalia ameacha kuivaa ile kanga. Ameikunja, ameiweka chini kabisa ya sanduku, na mumewe hathubutu kumuuliza.

Kosa lenyewe Cletus alilipata mwezi Juni, baada ya kuhangaika na kila kitu kilichoweza kulaumiwa isipokuwa mikono yake. Alibadili nyaya, akapangusa vumbi, akaandika upya diski. Mwisho, kwa kukata tamaa, akaanza kuchomoa kadi moja moja. Alipoitoa kadi ya sauti kwenye mashine ya tatu, maandishi yalishuka, yakapita pale yalipokuwa yanakwama, yakaenda mpaka mwisho.

Draiva, katika kubisha hodi kwake, ilikuwa inagonga mlango wa kadi ya sauti. Kadi ya sauti inaduwaa, na mashine nzima inaduwaa nayo. Kwenye mashine yake ya majaribio hapakuwa na kadi hiyo, ndiyo maana iliwaka. Injini ya Alfani haikuhusika hata kidogo. Kule kufifia kwa taa kulitokana na mashine saba kuwashwa kwa mfululizo, na kila injini ingefanya vilevile.

“Nilifurahi,” anasema Cletus, “halafu nikakumbuka. Nikatamani nisingelijua.”

Alichofanya baada ya hapo kinachekesha watu mpaka leo, isipokuwa yeye. Mwezi Julai alifariki mjomba wa Alfani huko Njinjo. Cletus, akiwa mtani, alipaswa kwenda, na alikwenda. Watani walipolala njiani kuzuia jeneza, yeye akasimama. Aliona kwamba aliyemvunjia mtu heshima mbele ya watu, aitengeneze mbele ya watu.

“Sikilizeni,” alisema. “Alfani hakuiba dizeli. Injini ilikuwa nzima. Mashine niliziua mimi kwa mkono wangu.”

Waombolezaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akamwambia, “Na mvua ya mwaka juzi uliizuia wewe.” Kibibi, mke wa Alfani, akamtupia ugoro na sarafu ili aondoke njiani, kama mtani anavyoondolewa. Cletus alirudia maneno yake, na kila alivyorudia ndivyo kicheko kilivyozidi. Mazikoni, neno la mtani haliwezi kuwa kweli hata akiapa.

Aliiokota ile sarafu kwa kuwa kuikataa ni mwiko. Anasema hajawahi kushika kitu kizito namna ile.

Katika watu wote wale, Alfani peke yake hakucheka. Mwandishi alipomkuta nyumbani kwake, akiziba pancha uani, alizungumza bila hasira yoyote, jambo lililokuwa gumu kulisikiliza kuliko hasira.

“Cletus namjua tangu anabebwa mgongoni. Matusi yake sikuyashika, ni haki yake,” alisema. “Mimi nilimwangalia pale ofisini. Nilimwangalia. Neno moja lingetosha, aseme tu, huyu mtani wangu. Hakulisema. Basi nikajua hana utani na mimi.”

Mwandishi akamuuliza: je, Cletus akifa, atakwenda mazikoni?

Alfani aliutumbukiza mpira wa baiskeli kwenye karai la maji, akatafuta viputo.

“Nitakwenda, ni jirani,” alisema. “Nitakaa jamvini na wageni wengine.”

Cletus alipopelekewa maneno hayo alifunika uso kwa viganja. Siku hiyo hakufanya kazi tena.

Wiki hii amefanya mambo mawili ambayo angepaswa kuyafanya mapema. Kwanza alikwenda ofisini kwa Sista Theresia, akamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia kadi za sauti mpaka ile sarafu. Sista alimsikiliza mpaka mwisho.

“Niliambiwa na watu na sikuwasikiliza, kwa hiyo aibu hii si yako peke yako,” Sista anasema. “Lakini nilimwambia Bwana Cletus, mimi nitamrudishia Alfani kazi, na jina lake nitalisafisha kwa wafadhili. Kilichobaki ni chenu wawili, siwezi kukirudisha mimi.”

Jambo la pili alilifanya jana jioni. Alikwenda nyumbani kwa Alfani, akakaa chini bila kungoja kiti. Huko milimani mtani haombwi radhi. Kuomba radhi ni kukubali kwamba pale kati yenu utani umekufa. Cletus alijua hivyo, akaomba.

“Kaka Alfani,” alimwambia, “pale ukumbini nilikutania. Pale ofisini sikukutania, nilikuuza. Nisamehe.”

“Nimekusikia, fundi,” alijibu Alfani. Kibibi akaleta maji ya kunywa kama anavyoletewa mgeni.

Ndivyo ilivyofika asubuhi ya leo, injini imegoma na Cletus amejiinamia. Jumamosi kamati ya kituo inakutana hapa hapa ukumbini kulisikiliza jambo hili, na wote walioshuhudia uzinduzi wamealikwa. Amekwisharudisha kadi za sauti na kuhamisha vibanio vyake vidogo vya kuchagulia mlango, ili kila moja ipate wa kwake, na amekiandikia kiini anwani ya kadi ya mtandao, kiende moja kwa moja bila kubisha hodi kwa majirani. Lakini safari hii hathubutu kungoja siku ya wageni ndipo ajaribu, na bila injini hawezi kujaribu.

Anarudi kwenye hendeli. Injini inakohoa, inakufa. Anajaribu tena, inakufa.

Barabarani baiskeli imesimama. Alfani yuko langoni, gunia la ufuta nyuma yake, anasikiliza kwa kichwa kilichoinama upande mmoja. Anaiegemeza baiskeli kwenye mti, anaingia. Anampita Cletus, analegeza kijiti fulani ubavuni mwa injini, anatoa hewa kwenye bomba la mafuta mpaka dizeli inatoka safi. Kisha anaishika hendeli, anaizungusha polepole, halafu kwa nguvu mara moja. Injini inashika, inatulia, inaanza kuunguruma.

Cletus amekwishakimbilia ndani. Anawasha ya kwanza, ya pili, zote saba. Maandishi meupe yanashuka. Alfani amekuja kusimama mlangoni, vilevile alivyosimama siku ile, anafuta mikono. Maandishi yanafika pale yalipokuwa yanakwama. Yanapita. Kadi ya mtandao imeonekana, kioo kinasema hivyo, na baada ya muda mashine zote saba zinafungua somo la kwanza.

“Ndipo zilipokuwa zinafia hapo?” anauliza Alfani.

“Ndipo hapo.”

“Na moto ni wa injini ile ile?”

“Ile ile, kaka. Haikuwa na kosa. Wala wewe hukuwa nalo.”

Alfani anatazama vioo kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Halafu anaitikia kwa kichwa, anageuka, anaelekea kwenye baiskeli yake.

Cletus anabaki katikati ya chumba, mikono inaning'inia. Anamweleza mwandishi mpango wake wa Jumamosi: Alfani atawasha injini, yeye atawasha mashine, kisha atasema mbele ya kamati, akiwa amevaa shati jeupe ili mtu asidhani anatania, kwamba kosa lilikuwa lake. Baada ya hapo, ikiwa Sista atamwondoa kazini, ataondoka. Baadaye anataka kufundisha vijana wawili kazi hii, na somo la kwanza liwe kusema “sijui” bila kuona haya.

“Lakini ukiniuliza ninachokitaka hasa,” anasema, “ni siku nitakayokufa, yule mzee alale njiani alizuie jeneza langu.”

Sauti inatoka langoni, ya mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia zito.

“Wee Mmatumbi!” Alfani hata hageuki. “Hendeli hiyo ukiigusa tena, nitakuzika nayo.”

Mwanamke anayefagia uani anacheka. Cletus hacheki. Anashika ukingo wa meza, anainama taratibu mpaka paji la uso linagusa mbao, huku injini inaunguruma nje.

“Umesikia?” anauliza hatimaye, bila kuinua uso. “Amenitukana.”